Mto Mkondoa na Ndugu Zetu Wenye Ulemavu

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa uliacha njia yake ukaingia mjini Kilosa, na hata mwaka mpya wa 2010 ulipoanza maji yalikuwa bado yanasomba. Maelfu ya wananchi walipoteza nyumba, akiba ya chakula na vyombo vyao, wakahamia mashuleni na kwenye mahema. Reli ya Kati, ambayo kwa karibu miaka mia moja ilikuwa imepita katika bonde hilo kati ya Kilosa na Gulwe, ilichukuliwa tuta lake, na safari za abiria zikasimama kwa miezi.

Nchi ilipojenga reli mpya ya kisasa haikusahau jambo hilo. Njia ilipofika Kilosa iliondolewa bondeni, milima ikatobolewa mahandaki, ili treni ipite mahali ambapo Mkondoa hauifikii. Julai 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa njia hiyo, na kila mwenye kuipenda nchi yake alifurahi. Nasi tulifurahi.

Yafaa sasa tuulize swali moja. Mtu asiyeweza kutembea, akaaye katika nyumba ya udongo karibu na mto ule ule, amefanyiwa nini tangu 2010 ili maji yakija tena usiku yasimkute pale pale? Hatuulizi kama alipewa blanketi na unga baada ya gharika. Blanketi na unga hutolewa, na wanaotoa wastahili shukrani. Twauliza juu ya saa ile moja kabla ya maji kufika mlangoni: ni nani anayejua kwamba yumo ndani, ni nani aliyepewa kazi ya kumchukua, na yeye mwenyewe aliwahi kuulizwa lini angependa kuchukuliwa vipi?

Wala watu hao si wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba katika Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, watu 11.2 katika kila 100 wana ulemavu wa namna fulani. Katika nyumba kumi zilizo jirani ni shida kukosa mmoja.

Maafa hayamjii kila mtu kwa mlango mmoja. Asiyesikia hapati onyo la redioni, wala kelele za jirani, wala ngurumo ya maji. Akiwa amelala, giza lamfunga na macho pia. Asiyeona husikia yote, lakini njia aliyoizoea kwa fimbo yake imegeuka; penye daraja la magogo pana shimo, penye uchochoro pana mkondo. Mwenye miguu isiyofanya kazi anaona na kusikia, anajua kila kitu kinachokuja, naye angoja. Mwenye akili iliyopungua huenda akaogopa umati kuliko maji, akarudi ndani. Kwa hiyo wale wasemao kwamba “tutawasaidia walemavu” kana kwamba ni kundi la watu wenye haja moja hawajakaa wakafikiri. Wa kwanza ataka taa imulikwe dirishani mwake au bendera ipandishwe. Wa pili ataka mkono na sauti aijuayo. Wa tatu ataka vijana wawili wenye nguvu na machela. Wa nne ataka mama yake asitenganishwe naye.

Jambo hili limejulikana kwingine kwa gharama kubwa. Japani ni nchi tajiri, nayo imezoea matetemeko; lakini bahari ilipoingia nchi kavu Machi 2011, watu wenye ulemavu walikufa kwa kadiri ya mara mbili ya wengine. Miaka miwili baadaye, 2013, Wajapani walirekebisha sheria yao ya maafa, wakailazimisha kila halmashauri kuweka orodha ya watu ambao hawawezi kujiokoa wenyewe. Mwaka huo huo wa 2013 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na kupunguza maafa iliwauliza watu wenye ulemavu katika nchi 137. Watu 20 tu katika kila 100 walijibu kwamba wangeweza kuondoka mara moja bila shida kama hatari ingewajia ghafla. Watu 85 katika 100 walisema hawajawahi kushirikishwa katika mipango ya maafa mahali wanapokaa. Walipoulizwa tena mwaka 2023 majibu yalikuwa karibu yale yale.

Sisi hatuna fedha za Mjapani, lakini tuna kitu ambacho yeye alilazimika kukitungia sheria. Tangu TANU ilipoanzisha mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, Chama kimekuwa na mtu anayejua nani analala wapi. Balozi wa Magomeni au wa Kimamba hahitaji mtaalamu kutoka Morogoro aje kumwambia kwamba nyumba ya tatu toka kisimani ina bibi asiyeona na mjukuu asiyesema. Anajua. Anachokosa ni kuagizwa aliweke jambo hilo katika kazi yake, kama alivyoagizwa kukusanya ada na kuwaita watu mkutanoni.

Kilosa yenyewe imekwisha kufanya kazi kama hiyo kwa ajili ya ugonjwa. Wilaya hii ni mojawapo ya sehemu za nchi yetu zilizosumbuliwa na usubi, ugonjwa uletwao na kiinzi azaaye kwenye maji yaendayo kasi, na ambao mwisho wake huweza kuwa upofu. Dawa yake haikugawiwa na madaktari peke yao. Wanakijiji walichagua wenzao, wakafundishwa, wakapita nyumba kwa nyumba na daftari lenye jina la kila mtu na kijiti cha kupimia kimo, maana vidonge hutolewa kwa kadiri ya urefu. Fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyesoma shule ya msingi tu, hana kiti ofisini, amesimama mlangoni mwa kila jirani mwaka baada ya mwaka na daftari mkononi, na kwa kazi hiyo watu wameponea macho yao. Nani atatuambia kwamba kijiji kama hicho hakiwezi kuongeza safu moja katika daftari, iandikwe ni nani asiyeweza kukimbia, na ni jirani gani wawili watakaomfuata?

Pana neno moja la kuangaliwa sana hapa, nalo si dogo. Ziko familia zinazomficha mtoto mwenye ulemavu kwa aibu. Hizo zaweza kuelimishwa. Lakini ziko pia familia zinazoficha kwa hofu, na hofu yao ina sababu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo katika nchi hii ndani ya karne hii, na wauaji wengine waliongozwa na majirani. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo akisikia kwamba jina la mwanawe litaandikwa katika daftari lisomwalo na kila mtu, ana haki ya kukataa. Kwa hiyo daftari liwe la watu wachache wanaoaminiwa, jina lisiandikwe bila ya idhini ya mwenyewe au mzazi wake, na lisieleze mambo ya ugonjwa wala umbile. Latosha kusema: nyumba fulani, mtu mmoja, achukuliwe kwa machela; nyumba fulani, mtu mmoja, amulikwe taa. Wenye ulemavu wenyewe ndio wa kwanza kulinda jambo hilo lisiharibike, kwa sababu wao ndio watakaoumia.

Na hapo ndipo twafikia kiini cha maneno yetu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, yataka pawe na kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022, nayo yaweka kamati za maafa toka taifa hadi chini. Kwa maandishi, basi, kila kijiji cha bonde la Mkondoa kina kamati mbili. Moja hukumbukwa Siku ya Watu wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba, yapeperushwa vitambaa na kusikiliza hotuba. Nyingine hukumbukwa mvua zinyeshapo. Hatuoni sababu hata moja kwa nini kamati hizi zikae mbali mbali. Mwenyekiti wa ile ya kwanza awe mjumbe wa ile ya pili, mwenye kura, na aitwe kabla ya mpango kuandikwa. Mtu aliyeishi miaka thelathini bila kuona ameifanya kazi ya kujihadhari kila siku ya maisha yake. Anajua mlango gani una kizingiti kirefu na njia gani huteleza. Mhandisi aliyekuja jana na gari hajui.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya watu wengine, maana wao ni wazima. Wahenga walijibu zamani kwamba hujafa hujaumbika, na hakuna mahali penye kulithibitisha neno hilo kuliko wilaya hii. Barabara kuu iendayo Zambia yapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kisha yaingia Mikumi mjini na kushuka kuelekea Ruaha. Malori yapita usiku na mchana, na pikipiki zajipenyeza katikati yake. Aliyekwenda kazini asubuhi akiwa na miguu miwili aweza kulala hospitali na mmoja. Kimamba na Rudewa zilijengwa na mkonge, na kila mzee wa huko aweza kukuonyesha ni nani aliyeacha vidole vyake kwenye korona. Huko Kidodi na Ruhembe watu hukata miwa kwa panga, kutwa, juani. Ulemavu kwa mfanyakazi wa Kilosa si habari ya mtu mwingine. Ni jambo lililo umbali wa dakika moja ya usingizi wa dereva.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulioanza kazi mwaka 2015, ni maendeleo makubwa tukilinganisha na sheria ya zamani iliyorithiwa toka ukoloni, ambayo malipo yake yalikuwa madogo hata kumfedhehesha mtu. Lakini mfuko humjua mwajiriwa aliyeandikishwa. Kibarua wa msimu aliyeletwa na mtu wa kati, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote, akikatika mkono huwa hakuna wa kumjua. Vyama vya wafanyakazi vina kazi hapo, na isisubiri ajali. Aidha sheria ile ya 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua 3 katika kila 100. Tungependa kusikia toka kwa matawi ya vyama vya wafanyakazi ni viwanda vingapi, mashamba mangapi na hoteli ngapi za watalii pale Mikumi zimetimiza hesabu hiyo. Kuhesabu watu kazini hakuhitaji tume.

Hapa hatuna budi kutaja Azimio la Arusha, maana wana-Chama hulitaja. Azimio la 1967 liliposema kwamba katika nchi ya ujamaa kila mtu ni mfanyakazi, liliwatoa katika wajibu huo watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao taifa kwa wakati fulani haliwezi kuwapatia kazi. Ilikuwa huruma, na kwa wakati wake ilikuwa heshima. Ilimaanisha kwamba hakuna atakayemwita mtu asiyejiweza mnyonyaji. Hata hivyo twaamini kwamba wengi tuliowahesabu katika kundi lile la tatu, mahali pao palikuwa kundi la nne. Hawakukosa uwezo wa kufanya kazi. Taifa lilikosa kuwapatia kazi: lilijenga karakana yenye ngazi, likachapa vitabu visivyosomeka kwa vidole, likaendesha mafunzo bila mtu ajuaye lugha ya alama. Chuo cha ufundi cha VETA kipo pale pale Mikumi. Kijana asiyesikia aweza kuwa fundi seremala au fundi magari hodari kama mwingine, ikiwa mwalimu atamfundisha kwa namna aonayo.

Lugha yetu nayo ina mashaka katika habari hii. Kipofu, kiziwi, kilema, bubu: maneno matatu ya kwanza tumeyapanga pamoja na kiti na kikapu, ingawa tukisema sentensi twasema “kipofu amekuja” wala hatusemi “kimekuja”. Sarufi ilijua kwamba ni mtu kabla sisi hatujakubali. Siku hizi twasema “mtu mwenye ulemavu”, na ni vizuri, mtu ametangulia. Lakini tungefurahi zaidi kama mtu huyo angetangulia pia katika foleni ya kiti mkutanoni.

Na mikutano ya Kilosa si ya mchezo, inagawa fedha. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hii, kama vile Ulaya Mbuyuni, Ihombwa, Nyali, Msimba na Kitunduweta, vimeendesha mpango wa mkaa endelevu kwa kusaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA. Kijiji kimepima msitu wake na kugawa sehemu ya kukatwa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu hiki hukatwa, cha jirani huachwa, na kilichokatwa hungoja miaka 24 kikiota upya kutoka kwenye visiki. Mwenye kuchukua mkaa hulipa ushuru kwa kijiji, na fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na visima. Kwa msitu, huu ni mpango wa watu wenye akili, na hauna budi kuwa na faida kwa mto pia, kwa kuwa mlima wenye miti hauporomoshi udongo kama mlima mtupu.

Lakini je, darasa lile lililojengwa kwa fedha za mkaa lina mteremko mlangoni, au lina ngazi tatu? Choo chake kina nafasi ya mtu kugeuza kiti cha magurudumu? Kisima kina mpini ambao mtu aliyekaa aweza kuufikia? Mteremko wa saruji, ukimwagwa siku ile ile msingi unapomwagwa, hugharimu mifuko michache. Ukija kuongezwa baada ya miaka mitano huwa ni ombi, na maombi hayaishi. Fedha ni za msitu wa kijiji kizima, na msitu ni mali ya asiyeona sawasawa na ya anayeona. Aliyeshindwa kufika mkutano mkuu kwa sababu ulifanyika ng'ambo ya korongo, au aliyefika lakini hakuwa na wa kumfasiria kwa alama, amenyimwa haki yake ya kuamua juu ya mali yake. Kura yake haikuibwa na mtu, lakini haikupigwa.

Katika mpango huo huo ziko kazi ambazo hazitaki miguu. Kuchoma mkaa kwataka nguvu. Kukata na kupanga tanuri si kazi ya kila mtu. Lakini kuna kuandika leseni, kuhesabu magunia, kupokea ushuru, kutunza stakabadhi na kusoma hesabu mbele ya mkutano. Mtu mwenye miguu iliyopooza na mwandiko mzuri angekuwa katibu mwema kuliko wengi tunaowajua. Hali kadhalika asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kisheria kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, yaweza kumpa mtu mtaji wa banda la kutengenezea baiskeli au cherehani. Tumesikia wengine wakisema kwamba vikundi vya wenye ulemavu havirejeshi mikopo. Vikundi visivyorejesha vipo vya kila namna, hata vya watu wenye miguu ya kukimbilia.

Upande wa Mikumi pana hatari nyingine, ambayo haina msimu. Vijiji vilivyopakana na Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964, vinajua tembo anapoingia shambani. Watu hupiga madebe, huwasha moto, hukimbia. Asiyeweza kukimbia hubaki peke yake nyumbani, mara nyingi karibu na ghala, na mahindi ndiyo anayoyafuata tembo. Kamati itakayopanga habari ya mto isiache kupanga habari ya tembo, maana orodha ni ile ile na majirani ni wale wale.

Mvua za vuli huanza Novemba, na mafuriko yale ya 2009 yalikuja Desemba. Kabla ya hapo kila tawi la Chama katika bonde la Mkondoa lina nafasi ya kufanya mkutano mmoja juu ya jambo hili: mabalozi waje na hesabu zao, kamati zile mbili zikae meza moja, machela ijaribiwe na mtu akiwa juu yake, njia ya kwenda mahali pa juu ikanyagwe na asiyeona akiongoza, taa imulikwe dirishani mwa asiyesikia saa mbili usiku ionekane kama aamka. Tungeshauri mkutano wenyewe usifanyike katika ofisi yenye ngazi. Chini ya mwembe panatosha, na wanaokuja kwa magongo wapewe kivuli kwanza.